Kumwagilia mimea ya ndani kwa pampu na taima: hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu mimea ya ndani ni yale yale. Ninunue taima gani? Niitege dakika ngapi? Mbona nimeamka nikakuta maji yametapakaa sakafuni? Nikienda kijijini mwisho wa mwaka, mnanaa wangu utakuwa hai nikirudi? Majibu yote nimeyaweka hapa pamoja ili ukianza uanze vizuri.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kwenye fleti au nyumba ya kupanga, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mwenye vyungu sita hadi kumi na viwili vya mchicha, giligilani, mnanaa, mrehani au pilipili, dirishani au chini ya taa. Ukiwa na vyungu viwili tu, huhitaji pampu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya utambi na dripu huko chini.

Kabla ya kununua chochote, lielewe jambo moja. Taima inahesabu dakika, basi. Haijui kama udongo umekauka au umelowa tope. Haijui kama ndoo imebaki tupu. Kwa hiyo sehemu muhimu kuliko zote ni ile ya kupima maji kwa kikombe, ambayo wengi huiruka kwa sababu wana hamu ya kuona mtambo unafanya kazi. Tafadhali usiiruke.

Vitu vya kuandaa

- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga. Nyeusi au bluu iliyokoza inafaa zaidi. Kwa mboga za kula, usitumie ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa.
- Pampu ndogo ya kuzamisha ya volti 12. Zile zilizoandikwa lita 240 kwa saa, zenye uwezo wa kupandisha maji hadi mita 3, zinatosha kabisa.
- Adapta ya volti 12, ampea 1 au zaidi.
- Taima ya kidijitali ya kuchomeka kwenye soketi, inayoweza kutegwa kwa dakika moja moja.
- Mpira mkuu unaoingia sawasawa kwenye mdomo wa pampu, mara nyingi milimita 8 kwa ndani, na mita kumi hivi za mpira mwembamba wa milimita 4.
- Tii za kuunganishia (viungo vyenye umbo la T), na dripa, yaani vichwa vidogo vya kudondosha maji, za kuzungusha kwa mkono, moja kwa kila chungu.
- Vikombe vya plastiki vinavyolingana, idadi sawa na vyungu vyako, na kikombe kimoja cha kupimia chenye alama za mililita.
- Kipande cha neti au soksi ya nailoni ya kuivika pampu.
- Kama una taa ya mimea, taima ya pili. Hii inaweza kuwa ya kuzungusha, yenye vipini pembeni.

Pampu utazipata kwa wauza vifaa vya samaki wa mapambo na kwenye maduka ya elektroniki. Dar es Salaam anzia Kariakoo, Nairobi pita Luthuli Avenue. Mipira na dripa ziko kwenye maduka ya pembejeo za kilimo.

Mambo mawili dukani. Kwanza, chagua pampu ya volti 12, si ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye volti 230. Ya volti 230 inafanya kazi, lakini waya wake ukichubuka ndani ya ndoo utakuwa umeuweka umeme wa ukutani ndani ya maji ambayo wewe au mtoto mtayashika. Pili, epuka dripa za shambani zinazojirekebisha zenyewe, hata ukiambiwa ndizo bora. Zile zinataka msukumo wa takriban bar 1 ili zifanye kazi. Pampu yenye uwezo wa mita 3 haifikishi hata theluthi ya hapo, na mtambo wako utatoa matone mawili kisha kimya.

Hatua za kufunga

1. Weka ndoo chini, vyungu juu. Ndoo ikae sakafuni, vyungu vikae mezani au kwenye rafu. Hii ndiyo kinga yako dhidi ya mafuriko. Ndoo ikiwa juu ya vyungu, pampu itazimika kwa wakati wake, lakini maji yataendelea kujivuta yenyewe kupitia mpira mpaka ndoo iishe. Lita 20 zinatosha kuloweka zulia na kumfikia jirani wa chini. Kama nafasi haikuruhusu na ndoo lazima iwe juu, toboa tundu dogo la milimita 2 kwenye mpira mkuu, ndani ya ndoo, juu ya usawa wa maji. Pampu ikifanya kazi tundu litarusha maji kidogo kurudi ndooni, na ikizimika litaingiza hewa na kukata ule mvuto.

2. Panga umeme kabla ya kuweka maji. Soketi, taima na adapta vikae juu kuliko ndoo, na pembeni yake, kamwe si chini ya chungu. Waya wa pampu uning'inie kidogo chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa, ili tone likitembea juu ya waya lidondoke pale kwenye pindo badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni usiilaze sakafuni. Ining'inize ukutani kwa msumari.

3. Ivike pampu neti au soksi, ifunge vizuri, kisha ilaze kwenye kitako cha ndoo. Nyingi zina vikombe vya mpira vya kunata. Toboa mfuniko tundu linalotosha mpira na waya tu, usikate dirisha. Maji yaliyotulia bila kufunikwa ni mazalia ya mbu, na wale wa dengi hupenda kabisa maji safi ya majumbani. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyo anaweza kutoka yai hadi kuruka kwa takriban wiki moja kwenye joto letu. Ndoo yako inakaa muda mrefu kuliko hapo.

4. Tandaza mipira. Pitisha mpira mkuu nyuma ya vyungu, kisha toa mpira mwembamba kwa tii kwenda kila chungu. Ukiweza, urudishe mpira mkuu uungane na mwanzo wake kwa tii ili ufanye duara. Hapo maji yanaingia kutoka pande mbili na chungu cha mwisho hakionewi. Vipande vyembamba vyote vikate urefu uleule, hata kama chungu cha kwanza kiko karibu. Mipira ikiwa migumu, chovya ncha yake kwenye maji ya moto sekunde chache, itaingia kwa urahisi. Mdomo wa dripa ubaki juu ya udongo, usizame. Ukizama kwenye maji ya sahani iliyo chini ya chungu, pampu ikizimika unaweza kuyavuta maji machafu kurudi ndooni.

5. Pima kwa vikombe. Usiguse taima bado. Jaza ndoo, toa kila dripa kwenye chungu chake na uiweke ndani ya kikombe cha plastiki, pale pale chungu kilipo, kwa kimo kile kile. Washa pampu kwa dakika moja kamili kwa saa ya simu, zima, subiri mipira iache kudondosha. Sasa tazama vikombe kwa pamoja. Utaona kimoja kimefika nusu na kingine kina maji ya kufunika kitako tu. Punguza dripa iliyozidi, fungua iliyopungua, mwaga, rudia. Fanya hivyo mpaka vikombe vifanane kwa macho, kisha mimina kimoja kwenye kikombe cha kupimia na uandike namba.

Usipime dakika tano ukagawa kwa tano. Ndoo ikiwa chini, maji yote yaliyomo kwenye mipira hurudi ndooni kila pampu inapozimika. Sekunde za mwanzo za kila zamu zinatumika kujaza mipira tena, na dripa hazitoi kitu. Dakika ya kwanza inatoa maji machache kuliko ya pili. Pima zamu halisi utakayoitumia.

6. Piga hesabu. Chungu cha lita 5 chenye mboga za majani ndani ya nyumba yenye joto, anza na mililita 200 kwa siku. Si sheria, ni pa kuanzia. Tuseme una vyungu 8 na umepima mililita 100 kwa zamu ya dakika moja. Basi zamu mbili za dakika moja zinatosha, moja asubuhi, moja jioni. Jumla ni lita 1.6 kwa siku. Kwenye ndoo ya lita 20, acha lita 3 za chini zibaki zikiifunika pampu, kwa sababu pampu hizi hupozwa na maji na ikizunguka kavu huungua. Lita 17 zilizobaki ni siku kumi. Andika tarehe ya kujaza juu ya mfuniko kwa kalamu ya maka.

Zamu mbili ni bora kuliko moja ndefu kwa sababu ya umeme. Ukikatika saa ile ya asubuhi, taima haitarudia zamu iliyopita, lakini ya jioni itaokoa mimea.

7. Tega taima ya pampu. Taima nyingi za kidijitali huja betri yake ya ndani ikiwa imelala, kwa hiyo ichomeke ukutani usiku kucha kwanza, kisha bonyeza kitundu cha kuanzisha upya kwa pini.

Hapa ndipo saa zetu zinapowachanganya watu. Taima inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 12 asubuhi unaiandika 06:00. Saa 10 jioni ni 16:00. Ukiandika 12:00 ukiwa na maana ya alfajiri, pampu itawaka saa 6 mchana, na ukiiandika 12:00 AM itawaka saa 6 usiku ukiwa umelala. Kama taima yako ina chaguo la saa 24, lichague, uachane kabisa na AM na PM.

Tega zamu ya kwanza 06:00 kuwaka, 06:01 kuzima. Ya pili 16:00 na 16:01. Hakikisha siku zote saba zimeonekana kwenye kioo, kwa maana taima nyingine huanza na Jumatatu pekee. Kisha pitia zamu zote zilizobaki uone ni tupu.

Mwisho, kitufe cha ON, AUTO na OFF. Kwenye taima nyingi, ukitoka ON kwenda AUTO, umeme unabaki umewaka mpaka ufike muda wa kuzima ulioutega, hata kama ni kesho. Pitia OFF kwanza, ndipo uende AUTO. Watu wengi waliokuta ndoo imekauka walikosea hapa tu.

8. Tega taima ya taa, kama unayo. Taa na pampu zisiwe kwenye taima moja. Kwa mrehani, mnanaa na pilipili, saa 14 za mwanga zinafaa, tuseme 06:00 hadi 20:00. Giligilani iachie saa 12, kwani mwanga mrefu huiharakisha kutoa maua na majani yanakuwa machache. Usiwashe usiku kucha ukidhani unaisaidia mimea. Nayo inahitaji giza. Taa ya LED ya wati 20 kwa saa 14 inakula uniti 0.28 kwa siku, kama uniti 8 na nusu kwa mwezi, kwa hiyo unajua mapema LUKU au tokeni yako itapungua kiasi gani. Pampu yenyewe, ya wati kama 5 kwa dakika mbili, hutaiona kwenye mita.

Kwa taa, taima ya kuzungusha inatosha na ni ya bei nafuu. Lakini inasimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo imechelewa kwa saa tatu, na itaendelea kuchelewa mpaka uirekebishe. Itazame kila wiki. Kwa pampu usiitumie kabisa: kipini chake kimoja ni dakika 15, na kwenye nyingine ni dakika 30. Mtambo uliopimwa dakika moja ukifunguliwa dakika 15, kila chungu kitapata maji ya wiki nzima kwa mkupuo.

9. Kaa nao wiki moja kabla ya kuuamini. Kila asubuhi ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiwa mkavu mpaka huko, ongeza dakika moja kwa siku. Ukiwa umelowa na sahani ina maji saa moja baada ya zamu, punguza. Kinyanyue chungu pia. Baada ya siku chache mkono wako utajua uzito wa chungu kilichoshiba na kilicho na kiu, na hutahitaji kipimo kingine.

Rudia kupima majira yakibadilika. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, pwani kuna joto na mimea inakunywa sana. Kusi ikiingia na siku za baridi za Juni na Julai, maji yale yale yanaozesha mizizi. Chumba chenye feni au kiyoyozi hukausha udongo haraka kuliko unavyodhani.

Usiweke kwenye ndoo

Maji ya samadi na chai ya mboji ni chakula kizuri, lakini yaweke kwa mkono. Kwenye mipira ya milimita 4 yanaziba ndani ya siku chache na kunuka chumbani. Mbolea iliyoyeyuka kabisa inaweza kupita, ila iwe nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti, na mipira ioshwe kwa maji matupu kila ukijaza upya.

Maji ya kisima chenye chumvi, tuliyonayo sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, yatahitaji uangalizi. Yanaacha ukoko mweupe kwenye dripa na juu ya udongo. Kama unaweza kukinga maji ya mvua, hayo yaweke kwa mimea.

Usipokuwa na umeme wa kuaminika, au una vyungu viwili

Utambi unafanya kazi kimya kimya. Chukua kamba ya nailoni au poliesta inayonyonya maji, iloweshe kwanza, ncha moja izike ndani ya udongo karibu na mizizi, nyingine izame kwenye dumu lililofunikwa, lililo chini tu ya chungu. Kimo kati ya maji na udongo kisizidi sentimita 15 hivi. Kamba ya pamba inanyonya vizuri zaidi lakini huoza, kwa hiyo inafaa safari fupi.

Njia nyingine ni seti mpya ya dripu kutoka duka la dawa. Ina gurudumu la kubana linalodhibiti matone kuliko dripa yoyote ya bei nafuu. Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja, na idadi huwa imeandikwa kwenye pakiti. Ukiitega matone 3 kwa dakika, chungu kinapata takriban mililita 216 kwa siku, na chupa ya lita 1.5 inadumu karibu siku saba. Toboa kitundu cha hewa juu ya chupa, la sivyo matone yatasimama. Kasi hupungua kadiri maji yanavyoshuka, kwa hiyo anza na matone manne.

Ukisafiri

Kwa wiki mbili, hesabu yetu ya juu inataka lita 22.4 pamoja na zile 3 za kuifunika pampu. Ndoo ya lita 20 haitoshi, tafuta chombo cha lita 40 au zaidi. Usibadilishe kitu chochote siku ya kuondoka. Dripa mpya, udongo mpya, dakika mpya, vyote vifanye wiki moja kabla. Vuna majani mengi kabla hujaondoka, maana mmea wenye majani machache unakunywa kidogo, na usogeze vyungu mbali kidogo na jua kali la dirishani. Taima iangalie kama inaonyesha AUTO. Na muachie jirani ufunguo.

Kama kuna tatizo

*Pampu inanguruma lakini maji hayatoki.* Kuna hewa ndani. Itikise ikiwa ndani ya maji, au iinamishe mapovu yatoke. Kama bado, chomoa adapta, fungua kifuniko cha mbele na uondoe nywele au mchanga kwenye kipanga, kile kifeni kinachosukuma maji.

*Pampu haiwaki kabisa.* Chomeka chaja ya simu kwenye taima wakati wa zamu. Simu ikichaji, kosa liko kwenye adapta au pampu. Isipochaji, rudi kwenye siku na kitufe cha AUTO.

*Umeunganisha pampu ya USB na pawabanki, inazima baada ya muda mfupi.* Pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, kwa kudhani simu imejaa. Tumia adapta ya ukutani.

*Maji yanaendelea baada ya taima kuzima.* Usawa wa maji ndooni uko juu kuliko ncha za mipira. Rudi hatua ya 1.

*Chungu kimoja kinakauka, vingine viko sawa.* Dripa imeziba. Itoe, iloweke kwenye siki usiku mmoja, isugue kwa mswaki wa zamani. Usiitoboe kwa sindano, utapanua njia na kipimo chako kitaharibika.

*Maji yamekuwa ya kijani na mipira ina utelezi.* Mwanga unaingia. Funika ndoo na badilisha mipira inayopitisha mwanga kwa myeusi.

*Vijidudu vidogo vyeusi vinaruka kila ukigusa chungu.* Viwavi vyao huishi kwenye udongo uliolowa juu. Zima zamu ya jioni mpaka sentimita mbili za juu zikauke, na utege karatasi ya njano yenye gundi.

*Majani yanageuka njano na udongo umelowa.* Ni maji mengi, si kiu. Zima taima siku tatu, hakikisha matundu ya chini ya chungu hayajaziba, kisha anza upya na nusu ya dakika ulizokuwa nazo. Kama taima haishuki chini ya dakika moja, funga dripa kidogo na upime tena kwa kikombe.

*Ukoko mweupe juu ya udongo.* Kwangua tabaka la juu, peleka chungu bafuni na ukimwagie maji ya mvua au ya bomba mara mbili ya ujazo wake, polepole, yatoke chini yote kabla ya kukirudisha mahali pake.